Jino Likiuma, Usilichome Shavu: Namna ya Kuuguza Kinywa Kilichoungua kwa Kemikali

Alikuja asubuhi mapema, dereva wa bodaboda, shavu la kulia limevimba na maneno yanamtoka nusunusu. "Dokta, jino limeoza mpaka limekula nyama," aliniambia. Nikamkalisha, nikavuta shavu kwa kioo. Gego lilikuwa limetoboka kweli. Lakini pembeni yake, juu ya fizi na ndani ya shavu, palikuwa na bamba jeupe lenye upana wa sarafu, limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nililigusa kwa pamba likabanduka, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, inachuruzika damu kidogo.

"Kaka, hapa uliweka nini?"

Akasita. "Aspirini. Mbili. Nililala nazo."

Basi si jino lililokula nyama, ni vidonge. Aspirini hutuliza maumivu ikishamezwa, ikapita tumboni na kuingia kwenye damu. Ukiibana kati ya shavu na gego haijui kwamba hapo kuna jino bovu. Inayeyuka taratibu kwenye mate na kukaa pale kama asidi, usiku kucha, juu ya ngozi laini kuliko zote ulizonazo.

Nimewaona wengi wa namna hii, na karibu kila mmoja alikuwa amefanya jambo lilelile baada ya kuungua: ameongeza dawa nyingine juu ya kidonda. Mmoja amepaka mafuta ya karafuu, mwingine amesukutua kwa spiriti, mwingine ametia chumvi ya mawe. Kinywa kilichochomwa na kemikali hupona chenyewe, na hupona upesi, mradi kinachokichoma kiondolewe na kisirudishwe. Kazi yako ni kumtafuta mchokozi, kumtoa, na kukilinda kidonda wakati mwili unajenga upya.

Kwanza, yale yasiyongojwa

Kama ni mtoto, au mtu mzima, aliyekunywa kostiki ya kutengenezea sabuni, maji ya betri ya gari, dawa ya kusafishia choo, maji ya klorini ya kutolea madoa au mafuta ya taa, mwongozo huu ufunge uende hospitali. Kabla ya kutoka, mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, asukutue na kutema. Akiwa anameza bila shida, apige mafunda mawili matatu ya maji. Akiwa anadondosha mate, anakohoa, au sauti imekwaruza, asipewe kitu. Usimtapishe kwa mafuta ya kula, mayai mabichi wala kidole: kostiki na asidi zitaunguza koo mara ya pili zikipanda, na mafuta ya taa yakitapikwa huingia kwa urahisi mapafuni, ambako ndiko yanakoua. Usimpe ndimu ili kuua kostiki, wala magadi ili kuua asidi, kwa sababu viwili hivyo vikikutana hutoa joto. Beba chupa au kopo lenyewe. Wala usidanganyike kwamba mdomo unaonekana mzima. Koo laweza kuwa limeungua na midomo haina alama.

Betri ndogo ya duara, ile ya rimoti, saa na midoli inayowaka taa, iko kwenye orodha hiyo hiyo, hata kama haijapasuka. Ikinasa kooni, umeme wake hugeuza unyevu wa mwili kuwa kostiki, na ndani ya saa 2 koo laweza kuwa na jeraha baya. Mtoto aliyeshavuka mwaka mmoja, kama anaweza kumeza, apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani. Asali hupunguza kuungua, haitoi betri. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Kwa nini shavu linaungua na kiganja hakiungui

Mimina siki kiganjani, hutahisi kitu. Iweke ndani ya mdomo wa chini uibane hapo, dakika haitaisha utaitema. Kiganja kina tabaka gumu juu, chembe zilizokwisha kufa na kushikamana kama makuti ya paa. Ndani ya shavu paa hilo halipo. Hata kinywa chenyewe hakilingani kila mahali: fizi, kaakaa gumu na mgongo wa ulimi vina ugumu kidogo kwa sababu ndivyo vinavyosuguliwa na chakula, mashavu, midomo kwa ndani, chini ya ulimi na kaakaa laini la nyuma ni tepetepe na nyembamba. Huko ndiko utakapokuta vidonda vya kemikali mara nyingi.

Ulinzi uliopo ni mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, nayo hufanya kazi tatu: hupunguza ukali wa kilichoingia, huzima asidi kiasi, na hupaka utando mtelezi juu ya ngozi. Ndiyo maana maji ya ndimu ukiyanywa yanapita bila madhara, ila kipande cha ndimu ukikibana shavuni nusu saa kinaacha kidonda. Kitu kikibanwa mahali pamoja, mate hayafiki chini yake.

Kemikali nazo hazichomi kwa njia moja. Asidi hugandisha. Ukimkamulia samaki mbichi ndimu ukamwacha, nyama yake inageuka nyeupe kama iliyopikwa. Ndicho kilichotokea kwenye shavu la yule kijana, na lile bamba jeupe lilikuwa chembe zake mwenyewe zilizoganda. Vitu vya jamii ya kostiki, chokaa na magadi hufanya vingine, navyo ni vibaya zaidi. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na kostiki, na kostiki ikigusa mwili hufanya sabuni kwa mafuta yaliyomo kwenye chembe zako. Hapagandi kitu cha kuizuia, inayeyusha na kuendelea kuzama. Halafu kuna alkoholi, inayokausha na kuosha mafuta ya chembe, na kuna sabuni zenyewe, ambazo huondoa ule utando wa mate na kuiacha ngozi uchi.

Chembe zikishaumia, zinapiga kelele. Humwaga kemikali zao zinazoamuru mishipa midogo ya damu ipanuke, maji ya damu yavuje na kuingia kwenye nyama, na chembe nyeupe zije kusafisha. Ndio huo wekundu, uvimbe, joto na maumivu, ishara nne alizoziorodhesha Mroma Celsus katika karne ya kwanza na ambazo hadi leo wanafunzi wa udaktari huzikariri. Kuvimba huko, ambako hospitali hukuita inflamesheni, ni kikosi cha ukarabati kimefika. Ubaya unaanza pale mchokozi anaporudi kila siku: mafundi hawamalizi ukuta, kidonda kinabaki kibichi wiki baada ya wiki, na mwishowe ngozi inajijenga kwa namna isiyo yake.

Hatua ya 1: Kitoe, kisha osha kwa maji mengi

Tema kilichopo. Kama ni kidonge au pamba yenye dawa, itoe kwa kidole kisafi. Kisha jaza mdomo maji safi ya baridi, sukutua kwa hesabu ya thelathini, tema, rudia kwa dakika 10 hadi 15. Inachosha, na wengi huishia mafunda mawili. Usiishie mawili. Maji ndiyo dawa yako kubwa hapa, na hayana mbadala.

Utomvu na mafuta ndivyo vinavyotaka utaratibu mwingine. Mtoto aliyeng'ata korosho mbichi na ganda lake (msimu wa korosho hili si geni Mtwara, Lindi, Pwani, wala Kilifi na Kwale) ana mafuta makali ya ganda midomoni, na maji hayayatoi bali huyasambaza. Mfute kwanza kwa kitambaa kikavu, bila kusugua, halafu kitambaa chenye mafuta ya kula, halafu sabuni na maji kwa ngozi ya nje. Muoshe na mikono, la sivyo atajipaka machoni.

Pilipili nayo si ya maji. Kinachowasha ndani yake huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo funda la maziwa au mtindi hutuliza kuliko glasi nzima ya maji.

Lile bamba jeupe usilibandue. Linafunika kidonda kama bendeji na litaanguka lenyewe. Nilipoligusa kwa pamba nilikuwa natafuta jibu la uchunguzi. Wewe nyumbani huna haja hiyo.

Hatua ya 2: Tazama kwa mwanga, upige picha

Simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, vuta shavu kwa kidole. Tafuta mpaka. Kuungua kwa kemikali kuna ramani: kidonda kiko pale pale kitu kilipokaa, na mara nyingi upande mmoja tu. Kikiwa kimekaa kwenye kona ya gego, utakuta alama kwenye fizi na shavu linaloitazama, kama mhuri na karatasi.

Fangasi wa kinywa nao huleta weupe unaofutika, lakini hutapakaa kama maziwa yaliyoganda, ulimini, kaakaani, mashavu yote mawili, na hakuna kilichowekwa. Malengelenge madogo mengi yenye homa ni jambo la virusi. Weupe usiofutika kabisa ukisugua kwa kitambaa, hasa kwa mtu anayevuta au kutafuna tumbaku, usiuite kuungua. Uonyeshe kwa daktari.

Piga picha, simu itahifadhi tarehe. Itakufaa baada ya wiki mbili, wakati kumbukumbu ya maumivu imeshaanza kubishana na ukweli.

Hatua ya 3: Mtafute mchokozi

Hapa ndipo kazi ilipo. Jiulize umeweka nini kinywani saa 48 zilizopita ambacho si chakula chako cha kawaida. Usijifiche. Kliniki tumesikia yote, na hakuna atakayekucheka.

Aliyekuwa na jino bovu aanze na dawa za jino. Aspirini nimekwisha kuieleza. Niongeze tu kwamba haifai kabisa kwa walio chini ya miaka 16, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa wa Reye unaodhuru ubongo na ini, na haifai kwa yeyote mwenye homa inayoweza kuwa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, kwa sababu huzidisha kutoka damu.

Karafuu ni rafiki mwenye makali. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni eujenoli, na eujenoli hutia ganzi kweli. Madaktari wa meno wenyewe huichanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Lakini mafuta ya karafuu ya chupani, yale ya Unguja na Pemba ambayo tone moja linanukisha chumba, yakipakwa kwenye fizi bila kupunguzwa huunguza kama asidi. Kutafuna punje moja ya karafuu kavu na kuitema si sawa na kumimina mafuta. Ukilazimika kutumia mafuta, tone moja kwenye kijiko kidogo cha mafuta ya kula, pamba ichovywe na kukamuliwa, iguse ndani ya tundu la jino tu, dakika chache, kisha itolewe. Mtoto mdogo asitiwe kabisa. Akiyameza yanadhuru ini.

Kuna utomvu wa mnyaa, ule mti wa ua wenye vijiti vya kijani, ambao vijijini hudondoshewa jino lililotoboka "liote ganzi". Utomvu huo ni mkali kiasi cha kuleta upofu wa muda ukiingia jichoni. Na kuna maji ya betri. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona taya: asidi ya betri haiui mzizi wa jino ikaishia hapo. Inakula fizi, mfupa, na meno mawili ya jirani ambayo yalikuwa mazima.

Asiye na jino bovu atazame bafuni. Dawa nyingi za meno zina sabuni ya kutoa povu. Kwenye boksi imeandikwa "sodium lauryl sulfate". Wengi hawaoni shida nayo. Wachache huamka na nyuzinyuzi nyeupe zinazobanduka ndani ya midomo bila maumivu makubwa, au hupata vidonda vya mara kwa mara. Badilisha dawa ya meno kwa isiyo na maandishi hayo kwa wiki tatu uone. Maji ya kusukutulia ya dukani nayo, baadhi yana alkoholi inayozidi asilimia 20, na kuna watu wanaosukutua mara nne tano kwa siku wakikimbiza harufu. Harufu hairudi nyuma kwa hiyo, kinywa kinakauka, na kinywa kikavu kinanuka zaidi.

Oksijeni ya kung'arisha meno imeingia kwa kasi kupitia mitandao. Haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa huwa ya asilimia 3, na hata hiyo kwa kinywa hupunguzwa sawa kwa sawa na maji. Ya saluni, ya kupausha rangi ya nywele, ina nguvu mara kadhaa zaidi. Ikigusa fizi huziacha nyeupe kama chokaa ndani ya dakika moja, kisha zinawaka.

Dawa ya zambarau, GV, naitaja peke yake kwa kuwa ipo karibu kila nyumba yenye mtoto. Ni dawa ya fangasi na ya vidonda vya ngozi, na ya ngozi si ya mdomo: ya mdomo ni ya asilimia 0.25. Chupa yenye 0.5 huongezewa maji safi sawa kwa sawa, yenye 1 huongezewa maji mara tatu ya dawa. Mama huja na mtoto aliyekuwa na vidoa vichache ulimini, sasa midomo yote imechubuka na mtoto hanyonyi. "Nilimpaka mara sita ili apone haraka, dokta." Nia ilikuwa njema kabisa, mama yangu, ila chupa haikusomwa. Na kama mdomo umeungua kwa kemikali nyingine, GV haina kazi hapo kabisa.

Jikoni hakuna hatari kubwa, ila panaweza kukusumbua. Magimbi yasiyoiva vizuri yana sindano ndogondogo za kalsiamu oksaleti zinazochoma koo. Yachemshe hadi yalainike kabisa. Nanasi lina kimeng'enya kinachoyeyusha protini, ndiyo maana ukila nusu nanasi ulimi unawasha, likipikwa haliwashi. Ubuyu wa rangi na pipi kali za ndimu, mtoto akikaa nazo shavuni mchana kutwa, huacha ulimi uliochubuka.

Mdalasini uutenge na hao wengine. Mtu anaweza kuutafuna kwenye jojo au kuutumia kwenye dawa ya meno miaka mingi, kisha siku moja mashavu yakawa mekundu na kuwaka. Huo huwa ni mzio, si mchomo. Tofauti yao utaijua hivi: mchomo humpata yeyote aliyeweka dawa nyingi kwa muda mrefu, na huonekana ndani ya dakika au saa, mzio humpata mmoja na kumwacha jirani anayetumia kitu kilekile, huchelewa hata siku mbili tatu, na huvuka mpaka wa mahali palipoguswa. Wenye meno bandia mapya ya plastiki wanaowashwa pote yalipokalia wafikirie hili pia, wamrudie aliyewatengenezea.

Vya kutafuna nimeviweka mwisho kwa sababu ndivyo vigumu kuviacha. Bibi mmoja wa makamo ya mama yangu aliletwa na mjukuu kwa kuwa pilipili, hata kidogo, ilikuwa ikimuunguza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwomba asimamishe vidole vyake vitatu pamoja, avipitishe kati ya meno ya juu na ya chini. Kinywa kizima hupokea vitatu. Chake kilipokea kimoja na nusu. Mashavu kwa ndani yalikuwa meupe, magumu, ukigusa unahisi kamba.

"Tambuu, bibi, tangu lini?"

"Tangu harusi yangu. Babu yako ndiye aliyenifunza."

Tambuu ni jani, popoo, chokaa, na mara nyingi tumbaku. Chokaa ni ya jamii ya kostiki, na kila mara inachubua kidogo. Popoo inaamrisha shavu lijenge nyuzi ngumu mahali pa nyama laini. Kuvimba kwa kila siku kwa miaka hakuishi kwa kupona, kunaishia kwenye kovu, na kovu hilo halirudi kuwa shavu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka popoo, hata isiyo na tumbaku, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku ya kutafuna yenyewe. Ugoro uliochanganywa na magadi uko njia hiyo hiyo: magadi huifanya nikotini ipenye haraka, na yenyewe yanachubua mdomo wa chini unapowekwa. Inua mdomo huo kwenye kioo. Ukiona ngozi imekunjamana na kuwa ya kijivujivu, mwili unakuonyesha mahali unapoweka.

Hatua ya 4: Kiuguze, usikishambulie tena

Chemsha maji, yaache yabaki vuguvugu, kikombe kimoja kwa nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sukutua taratibu mara nne kwa siku, hasa baada ya kula. Chumvi ikichoma, tumia soda ya kuumulia mikate kwa kipimo kilekile. Nimesema soda ya mikate, si magadi ya mawe tunayotilia maharage. Hayo ni makali zaidi na yatakuongezea kidonda.

Kula vya laini na vya baridi kiasi: uji uliopoa, mtindi usio mkali, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, wali bokoboko. Kunywa maji mara kwa mara ili mate yasipungue. Acha ndimu, nyanya kali, pilipili, soda za chupa, pombe na sigara mpaka papone. Mswaki uendelee, ila laini, na pale palipoungua upaache. Kutopiga mswaki kabisa kutaleta bakteria kwenye kidonda kibichi, na hapo utakuwa na tatizo la pili.

Kwa maumivu, parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima ameze vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ameze, narudia, ameze. Jeli za ganzi zinasaidia dakika chache kabla ya kula, lakini zenye benzokeini zisiguse kinywa cha mtoto wa chini ya miaka 2. Antibaiotiki hazitibu mchomo. Usizinunue.

Hatua ya 5: Hesabu siku 14

Siku tatu za mwanzo zitauma zaidi, hasa bamba jeupe linapoanguka na nyama kubaki wazi. Wengi hupata hofu hapo na kurudi kwenye dawa. Vumilia. Ngozi ya kinywa hujijenga upya kwa kasi kuliko ya mkono, na mchomo mdogo kwa kawaida huziba ndani ya siku 7 hadi 14. Yule dereva nilimwona tena siku ya tisa, baada ya kumng'oa gego. Pale palipokuwa na bamba palikuwa pa waridi, laini, nikalazimika kutafuta mpaka wake.

Linganisha na picha uliyopiga. Kidonda chochote cha kinywa ambacho kimevuka wiki mbili mchokozi akiwa ameondolewa, kiwe kinauma au hakiumi, hakihitaji uvumilivu zaidi, kinahitaji daktari wa kinywa na meno akitazame na pengine akate kipande kidogo cha kupima. Kisichouma ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Nenda pia mapema kama pembe za kidonda ni ngumu ukiminya, kama kuna uvimbe shingoni, kama ulimi au midomo inakufa ganzi, au vidole vitatu haviingii.

Usiku ule jino linapouma

Haya yote yangepungua sana kama watu wangejua la kufanya saa nane za usiku, zahanati imefungwa na jino linapiga kama ngoma. Fanya hivi. Sukutua kwa maji vuguvugu ya chumvi, upitishe uzi safi kati ya meno. Mara nyingi ni nyuzi ya nyama au punje ya muwa iliyobanwa inayosukuma fizi. Meza parasetamoli kwa kipimo nilichotaja. Funga barafu au chupa ya maji baridi kwenye kanga, iweke shavuni kwa nje dakika 15, pumzika, rudia. Weka mito miwili ulale kichwa kikiwa juu, kwa sababu ukilala bapa damu inajaa kwenye jino na mapigo yanazidi. Ndani ya tundu usitie kitu, isipokuwa ile pamba ya karafuu iliyopunguzwa, dakika chache, kisha itoe kabla hujalala.

Kukicha nenda kliniki hata kama maumivu yameisha. Jino lililouma usiku na kunyamaza asubuhi huenda limekufa ndani, halijapona. Na usingoje kukicha kama uvimbe umeshuka chini ya taya, umepanda kwenye jicho, mdomo haufunguki, unashindwa kumeza mate, au kuna homa. Hapo amsha mwenye pikipiki, nenda hospitali ya wilaya usiku huo huo.